Zamu ya Kumlinda Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimelala kwa saa mbili. Labda hazikufika. Nimeteka maji, nimewasha jiko, nimempikia mama uji, nimemfungia ndani kwa kufuli, nimekwenda shule. Ufunguo nauvaa shingoni, chini ya gauni. Ndivyo siku zinavyokwenda tangu Alhamisi iliyopita, siku niliyomtoa mama kijijini Puge na kumleta hapa kwangu Bukene.

Leo darasa la tano nimeandika tarehe ya jana ubaoni. Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.

Niandike yote, maana kichwa kimeanza kuvuja. Maganga, mdogo wangu, tumbo moja, amesema mbele ya watu kilabuni kwamba atamkata mama. Mtoto wake Sayi alikufa mwezi wa kwanza. Miaka minne. Homa. Mama ndiye aliyembeba kumpeleka zahanati, mtoto akafia mgongoni kwake njiani. Maganga akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia aliyemla mtoto kwa uchawi ni mwanamke mzee wa nyumba yake, mwenye macho mekundu.

Macho ya mama ni mekundu. Amepikia kuni miaka hamsini.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji saa ya mapumziko. Amenisikiliza vizuri. Kasema ni hasira za msiba, zitaisha. Kasema sungusungu, walinzi wa kijiji, watapita kwangu kila usiku. Nimekwenda polisi pia, wameandika, wamenipa namba kwenye kipande cha karatasi.

Sungusungu walipita mara moja. Niliwasikia wakiongea habari za mpira.

Ratiba yangu: nakaa macho mpaka kunapambazuka, mlango nimeuegemea kwa mgongo, panga miguuni. Nalala mchana nikitoka shule, saa tisa mpaka kumi na moja, mama akiwa ndani. Huo ndio usingizi wote.

Jumatano, 5 Machi

Maganga amepiga simu saa sita mchana. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Mrudishe mama nyumbani."

"Ili umfanye nini?"

Namsikia anahema. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeniomba chumvi, "Dada, wewe usiingie humu. Utaumia bure."

Nimekata simu. Kalamu nyekundu ikachora mstari juu ya daftari la mtoto wa watu.

Namchukia. Nilimfundisha mimi kuandika jina lake, kwa kijiti, kwenye vumbi. Namchukia.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemuua Popi. Nimefungua mlango alfajiri nikamkuta kizingitini. Mbwa wangu wa miaka sita. Shingo imekatwa karibu yote, imebaki ngozi tu. Damu imeingia chini ya mlango mpaka kwenye mkeka niliokuwa nimeukalia. Nilikaa macho usiku mzima na sikusikia kitu. Au sikukaa macho. Sijui tena.

Nimemzika nyuma ya choo. Nimesugua saruji kwa majivu. Nimemwambia mama kuwa Popi amepotea. Ameyaangalia majivu mikononi mwangu.

Saa moja na nusu nilikuwa mstarini na wanafunzi, wanaimba wimbo wa taifa. Chini ya kucha zangu kuna damu.

Mwalimu Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu wa Tabora mjini, ameniona. Kaniambia, "Kalunde, lala leo, nitakaa mimi na mama." Nimekataa. Si kwamba simwamini. Siamini kufumba macho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempiga mtoto.

Kabula, msichana wa dawati la tatu. Kipindi cha hisabati, joto, mabati yanalia kwa jua. Kabula alilaza kichwa kwenye dawati akasinzia. Nikamwona anasinzia na kitu kikanipanda. Wivu. Naandika ukweli: nilimwonea wivu. Nikachukua rula ndefu ya ubao na kumpiga nayo kichwani, kwa ukingo wa rula, kwa nguvu zangu zote. Ikavunjika. Akaanguka katikati ya madawati. Damu sikioni.

Watoto hawakulia, wote arobaini na kitu. Nimewaona wakinitazama na nikajua sura ninayoivaa. Ni ya Maganga.

Mwalimu mkuu amenitoa darasani. Hakunigombeza. Kasema nikae nyumbani mpaka aniite. Kabula kapelekwa zahanati na Zuhura.

Miaka kumi na minne ya kazi. Sijawahi kumtoa mtoto damu.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba ya mama kule Puge imeteketezwa. Shangazi amepiga simu. Ukuta umebaki. Walifunga mlango kwa nje kwa waya kabla ya kuwasha. Walisikia kuwa amerudi, walidhani yumo.

Kwa nje. Kwa waya.

Nimeivua ile kamba ya ufunguo shingoni na kuitupa chooni pamoja na ufunguo wake. Siku tisa nimekuwa nikimfungia mama ndani, nikienda kazini nikijisifu kuwa namlinda.

Mama nimemwambia, hili sikuweza kuficha. Kauliza kama kuku wametoka. Sijui kama kuku wametoka. Akalia kwa ajili ya kuku. Nikamkaripia. Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. Baadaye nikaona ukuta unapumua. Nikaweka mkono juu yake. Ulikuwa ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika ya jana. Niko kwenye korido ya hospitali, Nzega. Daftari lina madoa.

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, jua kali. Majirani wako kanisani, Zuhura kaenda sokoni. Mama alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo. Mimi nimekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, panga pembeni. Nilijiambia nitafumba macho nihesabu mpaka kumi.

Nililala.

Kilichoniamsha ni sauti ya mama. Ilikuwa ya upole. "Marahaba, mwanangu."

Nikafumbua macho. Maganga amesimama mbele yake. Alikuwa amemwamkia kwanza. Amemwamkia mama yake vizuri kabisa, naye kaitika, ndipo akachomoa panga kwenye gunia.

Mama akainua ungo. Panga likaupasua ungo katikati na kuingia kwenye mkono wa kushoto. Mchele ukaruka juu. Nikaona vidole viwili vinaning'inia. Maganga akainua panga tena. Panga langu nimelipapasa sikuliona, kumbe lilikuwa limeanguka nyuma ya kigoda. Nikashika mchi wa kutwangia.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye mkono wenye panga. Nilisikia mfupa. Panga likaanguka. La pili bega. Akageuka, akaniona, akasema, "Dada." Nikampiga mdomoni. Meno yakatoka. Akaanguka. Hapo nilikuwa nimemaliza kazi ya kumlinda mama, najua hivyo. Lakini sikuacha. Nilimpiga mgongoni, mbavuni, gotini. Nilimpigia Popi. Nilimpigia nyumba. Nilimpigia kila usiku niliokaa mlangoni. Nikasikia raha. Mungu anisamehe, ilikuwa raha kubwa kama ya maji baridi.

Nikainua mchi juu ya kichwa chake, na mama akajitupa juu yake.

Mama, mkono unachuruzika, amelala juu ya Maganga kama anayemfunika mtoto asinyeshewe. Akapiga kelele kwa lugha yetu, "Basi! Unaniulia mwanangu!"

Nilibaki na mchi juu. Sijui kwa muda gani. Zuhura anasema alipofika alinikuta bado nimesimama hivyo hivyo, na ilibidi anifungue vidole kimoja kimoja.

Polisi wamekuja. Tumepewa fomu za polisi za matibabu, PF3, tatu, mama ya kwake, Maganga ya kwake, na mimi ya kwangu kwa sababu kumbe nina jeraha la paja ambalo sikulijua. Tumepanda gari moja. Mama katikati yetu.

Jumanne, 11 Machi

Vidole viwili vya mama vimekatwa kabisa. Cha mwisho na kinachokifuata. Mkono wenyewe utapona. Mama anasema ni afadhali ni wa kushoto.

Maganga yuko wodi ya wanaume. Mkono umevunjika pawili, mbavu tatu, meno manne hana. Mguu mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda. Askari kakaa mlangoni anachezea simu. Kaniruhusu dakika tano.

Nilikwenda kumwambia kuwa nitatoa ushahidi mpaka aoze gerezani. Nilikuwa nimepanga maneno.

Macho yake mekundu kuliko ya mama. Mekundu kuliko yangu, na yangu nimeyaona kwenye kioo cha choo cha hapa.

"Dada, unalala?"

"Silali. Kwa sababu yako."

"Mimi tangu Sayi afe sijalala. Nikifumba namsikia anakohoa." Meno hayapo, anaongea kama mzee. "Nilimwambia mganga, sitaki mali, sitaki kitu, nataka kulala. Akasema nikimaliza kazi hii usiku ule ule nitalala."

"Na sasa?"

"Wamenichoma sindano jana. Nimelala kama mfu."

Akaanza kulia. Damu na mate vinatoka pamoja. Sikumfuta. Dakika tano zikaisha na maneno yangu yote bado yamo mdomoni.

Nje nimekutana na mama Sayi, wifi yangu. Kaja na chakula cha mume wake kwenye hotipoti. Hakunisalimu. Sikumsalimu.

Alhamisi, 13 Machi

Maganga anakoroma kama marehemu baba, unamsikia mpaka korido. Wodi nzima inamlalamikia. Mimi usiku wa nne hapa, nimejilaza kwenye kanga sakafuni, hakuna anayekuja kumkata mama, askari yupo, taa zinawaka, na silali. Mwili umesahau njia.

Ningeweza kumziba Maganga mdomo kwa mto. Nimeliwaza hilo kwa utulivu. Nimewaza mpaka ingechukua muda gani.

Nikaenda kuosha uso.

Jumatatu, 17 Machi

Tumerudi Bukene. Maganga kachukuliwa rumande. Yule mganga kahama, hakuna anayejua alikokwenda, au wote wanajua.

Nimekwenda kwa kina Kabula kuomba radhi. Mama yake ananizidi miaka michache tu. Aliniacha nimesimama uani, hakunipa kiti. Nilisema kila kitu, sikutaja usingizi kama sababu. Akamwita mtoto.

"Mwambie mwalimu kama sikio linasikia."

"Linasikia," Kabula akasema. Alikuwa amesimama mbali, mkono umefunika lile sikio.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto wa darasa la tano. Mama yake akasema, "Inuka, mwalimu, watu wanaona." Sauti haikuwa ya huruma. Nilistahili hivyo.

Nimelala kwa saa moja. Nimeota rula.

Ijumaa, 21 Machi

Mama anataka kwenda Puge. Nimemwambia hapana. Akasema hajaniomba ruhusa.

Jumamosi, 29 Machi

Tumekwenda Puge kwa bodaboda mbili. Mama alitaka kupalilia kaburi la Sayi. Mvua za mwezi huu zimeliotesha majani, anasema ameliota limepotea. Nilikuwa na panga kwenye mfuko. Sikumwambia.

Kaburi liko nyuma ya nyumba ya Maganga, kando ya shamba la karanga. Watu walituona tukipita. Mmoja aliingiza watoto ndani.

Mama akapiga magoti akaanza kung'oa majani kwa mkono mmoja. Mimi nikashika jembe. Baada ya kitambo wifi akatoka nyumbani. Amekonda. Alisimama mbali akatutazama. Nikashika mfuko wangu. Akarudi ndani, akatoka na jembe lake, akaanza kulima upande wa pili wa kaburi. Hakuna aliyesalimia. Tulilima watu watatu, majembe tu yanasikika.

Tulipomaliza nikakaa kwenye nyasi, mgongo nimeuegemeza kwenye kichuguu. Nilitaka kupumzisha miguu.

Nilipofumbua macho kivuli kilikuwa kimegeuka upande mwingine kabisa. Jua linashuka. Nimelala mchana kutwa, mahali ambapo yeyote angeweza kuja na kunikata. Mate yamekauka shavuni. Nilishtuka nikamtafuta mama.

Alikuwa hapo hapo, hatua tatu kutoka kwangu, amekaa chini na wifi. Wameng'oa karanga mbichi, fungu liko kati yao. Mama hawezi kumenya vizuri kwa ule mkono, anabana ganda kwa meno, analipasua, anatoa punje. Tangu Sayi afe, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwa mama. Hata maji.

Mama akamenya moja. Akanyoosha kiganja.

Wifi akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha akachukua, akala.

Mama akamenya nyingine.

Sikuinuka. Nimelala tena kidogo.