Mume Wangu Anasema Matunda ni ya Mbuzi

Mpendwa shangazi mshauri, assalamu alaykum, nakuandikia kutoka Habaswein na naomba msaada wako haraka kwa sababu mume wangu anaisha mbele ya macho yangu na mimi mwenyewe nimezidisha mambo. Siyad alikuwa mtu wa ngamia, amekulia nyuma ya ngamia na akanioa kwa ngamia, na tangu ukame ule ulipowamaliza wote tukahamia mjini, yeye anabeba mizigo pale magari yanaposimama na mimi nauza chai, na chakula chetu sasa ni wali, ni pasta, ni chapati na chai ya sukari, asubuhi hivyo na jioni hivyo, maziwa ya ngamia tunayaona tu yakipita kwenye madumu kwenda sokoni. Ndipo tumbo lake likafunga. Anakaa chooni hadi watoto wanagonga mlango, anatoka amelowa jasho, choo chenyewe ni kigumu na kina damu, na si tumbo peke yake shangazi, fizi zinamtoka damu, kikohozi hakimwachi, kidonda cha mguuni alichokatwa na bati hakitaki kupona, na kila jioni anachemsha sanamaki, yale majani ya kuharisha, anahara mpaka miguu inatetemeka, na kesho yake tumbo limefunga tena.

Nilimpeleka zahanati, muuguzi akamwambia ale matunda kila siku, papai, ndizi, machungwa, na Siyad akacheka kwa aibu akamjibu, "Sista, mimi nimelelewa na masiwa, hii babai beleka kwa mbusi." Na kweli nikinunua papai kutoka gari la Garissa, kipande chake anampa mbuzi wetu mmoja aliyebaki, anasema matunda ni ya watoto na wagonjwa, na siku moja akaniambia neno lililonichoma, kwamba siku atakayoshiba matunda ndiyo siku atakayokuwa amekubali kwamba ngamia hawarudi.

Basi nikatumia ujanja, nikamkorogea uji wa mtama, nikaponda papai nikalichanganya humo, nikatia na ndizi mbivu, na wallahi baada ya siku kadhaa tumbo likalainika, uso ukakunjuka, akadhani ni dua zake zimejibiwa. Furaha ikanizidi nikamsimulia jirani yangu Kaltun, na unatujua sisi Wasomali shangazi, kwetu mtu akipachikwa jina la utani anazikwa nalo, kabla ya Ijumaa wanaume pale wanapokunywa chai walikuwa wanamwita Babai, papai kwa matamshi yake mwenyewe. Sasa hali chochote kilichopita mikononi mwangu, anakunywa chai ya rangi na sanamaki yake, kikoi hakimkai kiunoni, analala ameugeukia ukuta, na jana nimeona damu nyingi kwenye kikoi hicho, akaniambia nifue ninyamaze. Nikimlazimisha ataniacha, nikinyamaza atakufa. Nifanye nini?

Yurub, Habaswein

Yurub, wa alaykum salaam. Majina yote nimeyabadilisha, maana siri umeshaonyesha huwezi kuitunza. Pole sana, mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Hulugho, kwa wafugaji kama nyinyi, na nimewaona kaka zangu mwenyewe wameugeukia ukuta hivyohivyo mifugo ilipoisha, kwa hiyo barua yako imenikata maini.

Pole nimekwisha kukupa, sasa nakugombeza. Mdomo huponza kichwa, na wewe mdomo wako umemponza mwenzio. Mtu amepoteza mifugo yake, amepoteza kazi yake na heshima yake barazani, kilichobaki mikononi mwake ni kuamua tu nini kiingie kinywani mwake, na hicho nacho ukamnyang'anya, kisha ukakitangaza mtaani! Hilo jina halitatoka, sitakudanganya. Utamwomba radhi ana kwa ana, bila kumtaja Kaltun na bila kusema "lakini ilikusaidia".

Sasa nisikilize vizuri. Damu nyingi, mwili kukonda na kidonda kisichopona si mambo ya papai tena. Hiyo ni safari ya hospitali, kesho asubuhi, si wiki ijayo. Wewe hatakusikia, kwa hiyo mtafute kaka yake au mjomba wake, mwanamume anayemheshimu, umweleze yote bila haya, na huyo ndiye ampeleke na aingie naye kwa daktari, maana peke yake atasema ana kikohozi tu. Na hiyo sanamaki ikome leo. Ukiyachapa matumbo kila jioni, yatasahau kutembea yenyewe.

Matunda yatafuata, na hayatafichwa tena. Siyad, kama unasomewa haya, mdogo wangu, nakuuliza wewe: ulipokuwa kijana nyuma ya ngamia, kunazi, yale matunda madogo ya porini, hukuokota? Hukujaza mfuko ukala hadi meno yakauma? Basi umekula matunda maisha yako yote na hakuna aliyekuita mbuzi. Na maziwa uliyokunywa, ndiyo yaliyokuwa yakilainisha tumbo lako, na ndani yake mna vitamini C ileile iliyomo kwenye chungwa, ile inayosaidia fizi kushikana, kidonda kufunga na mwili kupambana na kikohozi. Hukuhitaji papai kwa sababu ngamia alikuwa anakufanyia kazi hiyo. Sasa hayupo, na wali na chai haviwezi kuishika nafasi yake.

Yurub, daktari akisharidhia, anza na ndizi juu ya wali, kama tunavyokula sote kuanzia Garissa hadi Mandera, hapo hata wazee wa baraza hawana la kusema. Papai likate mbele yake, mle wote pamoja sinia moja. Chungwa ale lenyewe na nyama yake, si juisi ya kutia sukari. Maji anywe mengi kuliko chai. Usimhesabie vipande wala usimwangalie mdomoni. Matunda hayafanyi muujiza, yanafanya kazi polepole, na hayatamwondolea huzuni. Kwa huzuni hiyo anahitaji watu wa kukaa naye, na sijui kama itamtoka.

Akikataa kuondoka kesho, usibishane naye. Waite watoto, wakae mbele yake, umwambie hivi: ngamia waliokufa hawatakuja kukuzika, watakaokuzika ni hawa.