Kibao nilichopigilia mimi

Jumanne. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa, tangu asubuhi nikisimama mlangoni silioni hata lango langu.

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili na ndugu zangu wote wanne. Nimeuona ugonjwa wa chulebuni ukimaliza mibuni ya kata nzima, nami nikapanda upya. Wenyeviti wa kijiji sita wameingia na kutoka nikiwatazama. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye baraza la kata nimekaa miaka kumi na tisa, na hapa Igamba hakuna mpaka wa shamba nisioujua. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu kwenye simu. Naandika kwa kidole kimoja. Kinatosha.

Leo naandika jambo ambalo sijawahi kulisema.

Mjukuu huyo ni Atupele, niliyemlea tangu mama yake aliporudi kwao Isongole. Alitaka kuwa wakili. Alipomaliza kidato cha nne akachaguliwa kwenda cha tano. Akanieleza njia yake: miaka miwili mpaka kidato cha sita, halafu chuo kikuu, halafu shule ya sheria kwa vitendo, ndipo uape uitwe wakili. Nikahesabu kwa vidole, mkono ukaisha. Nikasema kaburi halitanisubiri hivyo. Bwana mmoja anayechapa barua pale Tunduma alikuwa ameniambia cheti cha sheria ni mwaka mmoja tu. Nikakata shauri. Mwalimu wake alikuja nyumbani kunisihi. Nikampa chai, nikamwambia arudi kwa wanafunzi wake.

"Babu, hicho cheti ni mlango tu, si nyumba," Atupele alisema.

"Nyumba zote nilizojenga mimi zina milango," nikamjibu. Watu wakacheka. Nilijiona nimeshinda.

Alipokipata hicho cheti nilichinja ng'ombe. Kanisani nilisimama kabla matangazo hayajaisha, nikasema ukoo wetu umepata wakili. Atupele alikuwa ananivuta koti. Wiki ile ile nikaenda Tunduma kwa fundi wa mabango, nikarudi na kibao cha bluu: ATUPELE, WAKILI. Nilikipigilia mwenyewe langoni, misumari minne. Aliniomba nikitoe mara tatu. Nikamwambia heshima haibanduliwi.

Basi watu wakakisoma, wakaja.

Mama Tabu, mjane wa kijiji cha Ruanda, alikuwa na kesi. Shemeji yake aling'oa masale ya mpaka akalima mpaka karibu na mlango wake. Atupele akamwambia, "Mama, mimi siruhusiwi kukusimamia. Tafuta wakili kamili." Nikaingia kati. Nikamwambia mama wa watu kwamba mtoto ana aibu tu, aende naye. Kisha nikamgeukia Atupele nikasema akikataa, asiniite babu tena.

Akaenda.

Kule baraza la ardhi la wilaya, mwenyekiti akamuuliza namba yake ya uwakili. Hana. Yule shemeji akapiga makofi: "Kishoka! Wakili wa bandia wa Igamba huyo, na kibao kabisa ametundika langoni!" Benchi zote zikacheka. Maombi aliyomwandikia Mama Tabu yakaondolewa, aanze upya. Atupele akaandikiwa onyo, kwa jina lake. Mwenyekiti akauliza kibao hicho ni cha nani.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na koti langu la kanisani, fimbo mkononi.

Atupele alinitazama mara moja tu. Akasema, "Ni changu, mheshimiwa."

Mimi ninayesimama kila mahali, kanisani, msibani, mnadani, siku ile sikusimama.

Sasa yuko Tunduma, anauza katika duka la vitenge la mama mmoja huku akisoma stashahada ya sheria. Wenzake waliokwenda cha tano wameshaingia chuo kikuu. Yeye ndiyo kwanza anapanda ngazi, na ngazi yenyewe nilimchagulia mimi. Hilo anasema atalivumilia. Jumapili alinipigia kuuliza hali ya kahawa, nami nikamuuliza ataapa mwaka gani.

"Babu, siku ya kuapa wanauliza na tabia. Lile onyo lipo."

Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Leo nimeng'oa kibao. Msumari mmoja uligoma, ubao ukapasuka katikati ya jina lake. Nimekifunga kwenye gunia la kahawa. Kesho napanda gari la asubuhi kwenda wilayani, nikiweke mezani kwa mwenyekiti, nimwambie aniandike mimi. Kama onyo linaweza kuhamishwa kutoka jina hadi jina, sijui. Miaka kumi na tisa ya baraza, na hilo silijui.

Asiyeniamini amuulize Mama Tabu wa Ruanda, alikuwepo. Amuulize fundi wa mabango wa Tunduma, atasema nani alimwagiza kazi. Mchungaji naye alinisikia kwa masikio yake.

Atupele msimuulize. Mkimuuliza, atasema tena ni chake.