Pipa la Sita

Jumatano, 12 Machi

Tumefika. Mji mdogo, mto mkubwa. Chumba kiko ghorofani, vitanda viwili, dirisha linatazama maji. Mwanangu kaniandalia kila kitu, hata ndala za kuogea! Yeye hulala shambani na wenzake, lakini wiki hii kapanga chumba hapa mjini ili tuwe pamoja. Watoto wangu wote wazuri. Huyu binti kitindamimba — basi, nisijisifu.

Wiki ya tisa tangu tumzike baba yao. Walipanga wenyewe kwenye simu: mama akapumzike. Sikukataa. Sikukubali pia. Nilikunja nguo, nikaja.

Huku wanamwita Pua. Kazi yake ni kuonja mvinyo kwenye shamba la mizabibu, aseme pipa hili litiwe chupani, lile limwagwe. Mwenye nyumba ya wageni kanipokea kwa mikono miwili: Karibu, mama Pua! Nikamwambia pua hiyo kairithi hapa — nikajigusa yangu. Miaka ishirini na sita jikoni, shule ya bweni, na zamu yangu maharage hayakuungua hata siku moja! Kacheka mpaka kashikilia mlango. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Jioni nimekaa dirishani. Maji yanapita. Nayatazama kama mtu anayetazama ukuta.

Alhamisi, 13 Machi

Shambani. Mizabibu imepangwa mistari kama wanafunzi paredi. Ghala la mapipa lina baridi, nimejifunga khanga juu ya sweta. Watu wananusa glasi, wanajaza mdomo, wanasukutua — halafu wanatema kwenye ndoo! Nikauliza mbona wanatema kitu kizuri. Mwanangu akasema wakimeza, mama, saa nne hii watakuwa wanaimba.

Kazi ya kutema! Nani mwingine kazaa hivyo?

Mwenye shamba wanamwita Mkubwa. Mzee mfupi, suruali kaifunga kwa kamba mbili za mabegani. Akaniambia nimemzalia dhahabu. Eti Pua akiweka msalaba wa chaki kwenye pipa, linamwagwa siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe habishi. Nikamjibu, huyu hajakosea tangu nimzae! Wafanyakazi wakapiga makofi. Mmoja akasema, na kuzikataa posa zetu, si kosa? Kicheko.

Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikadhani ni haya.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilikuwa bafuni, povu mwilini, nikasikia harufu ya nguo inaungua. Nikatoka na taulo mbio. Pasi imekaa juu ya blauzi yake, moshi unapanda, na yeye yuko hatua moja tu, kaipa mgongo, anaongea na simu! Blauzi imetoboka. Nikamuuliza, wewe, pua umeiacha wapi?

Akakaa kitandani. Akalia.

Wiki saba, mama. Tangu yale mafua yaliyomshika baada ya msiba. Harufu ya kahawa hasikii. Sabuni hasikii. Mvinyo ni kama maji yenye ukali. Daktari kasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Hajamwambia mtu. Anayosema ghalani anayatoa kwenye daftari lake la mwaka jana.

Kesho Mkubwa anapitisha mapipa manane. Akaniomba nisimame karibu, glasi ipite kwangu kwanza, kama mchezo tu wa mama mgeni. Nikisikia ubovu, nihamishe mkoba bega.

Sikukasirika. Sikumwonea hata huruma, Mungu anisamehe. Nikasema sawa, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ghala. Tumeambiwa tupumzike robo saa. Niandike upesi.

Tulianza saa tatu. Mkubwa kasema mama anuse kwanza, tuone mti uliozaa tunda! Wakacheka. La kwanza, jamu. La pili, jamu na kitu kama mbao mpya. La tatu, la nne, la tano, safi. Mkoba umetulia. Mwanangu anapokea glasi, anafumba macho, anatema, anasema maneno mazuri ajabu — hata mimi niliyejua, niliamini.

La sita. Jamani! Uyoga. Kiatu cha ngozi kilicholowa mvua. Majani yaliyooza chini ya bomba. Jikoni kwangu sufuria kama hiyo ingemwagwa kabla mkaguzi hajafika. Nikahamisha mkoba.

Mwanangu akanusa, akatema, akachora msalaba.

Mkubwa akalitazama pipa, akamtazama yeye. Akasema polepole, Pua, hili? Hili nimelitunza miaka minne kwa mkono wangu. Una hakika? Mwanangu akanitazama mimi. Nami nikatazama ndoo.

Mkubwa hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema pua nazo huchoka, tukapigwe na hewa, tukirudi anuse tena. Akirudia neno lake, pipa linamwagwa.

Hapa benchini akaniuliza, mama, lilinukaje? Nikamwambia yote, uyoga, kiatu, majani. Akaweka mikono usoni.

"Mama, hiyo ndiyo harufu yake. Likikomaa linakuwa hivyo. Hilo ndilo bora kuliko yote."

Mimi na maharage yangu! Nikamwambia basi rudi ndani, futa msalaba, sema mafua, sema umechoka, nani atajua? Nitasimama pale pale, mkoba sitaugusa. Kaokota jani, kalinusa, kalitupa. Akaniuliza, na mwaka ujao, mama, utakuja na mkoba?

Mkubwa kaita mlangoni. Pua, njoo! Nikainuka naye. Akanishika bega, akanikalisha. Ubaki hapa, mama.

Kaingia peke yake. Mlango uko wazi. Namsikia: Mkubwa, kabla hujanipa hiyo glasi, kuna jambo kuhusu pua yangu.

Mtu kaweka glasi chini. Nimesimama, naandikia ukutani. Niingie, au —