Nani Anajifutia Kitambaa Chako?

Ribérac,
Jumanne, 14 Novemba 1978

Mpendwa mdogo wangu Bastien,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo? Wifi yangu Francine hajambo? Na kikohozi cha mtoto Julien kimepoa, au baridi ya Montreal bado inamwonea? Sisi tu wazima. Ni goti langu tu linalonisumbua mvua ikitaka kunyesha, na mwezi huu inataka kunyesha kila siku. Mume wangu Lucien anasema tukiwa na goti hili hatuna haja ya redio.

Sasa nina swali, na unijibu kweli. Mwezi uliopita ulikuwa wapi?

Usicheke, nisikilize kwanza. Unajua kila Alhamisi mchana nakula mgahawani kwa Baba, meza ileile iliyo karibu na kabati la vitambaa vya kujifutia mdomo vya wateja wa kila siku. Basi nilipokuwa nachukua changu, mkono ukagusa chako. Kilikuwa kibichi. Tangu uondoke hakuna anayekigusa ila shangazi Odile, ambaye hukifua kila Pasaka na kukirudisha na pete yake ya mbao. Nikakikunjua. Kilikuwa na doa la divai na kilinuka supu ya vitunguu saumu.

Wateja wa Baba wana makosa mengi, lakini hakuna anayejifutia kitambaa cha mwenziwe. Afadhali aazime mswaki.

Wiki iliyofuata nikaona jingine. Jikoni, kati ya vyombo vichafu, sahani moja ya supu ilikuwa nyekundu chini. Mtu alikuwa amemimina divai kwenye masalio ya supu akanywea sahanini, kama alivyokuwa akinywa babu yetu. Mimi na wewe tunajua ni nani peke yake aliyethubutu kufanya hivyo mle ndani, na Baba alivyokuwa akifoka kwamba huu ni mgahawa, si zizi. Ugomvi wenu wa mwisho ulianzia kwenye sahani kama hiyo, ukaishia kwenye "ukitoka usirudi kukaa mezani kwangu".

Halafu kuna yule bwana wa Bordeaux anayetaka kuununua mgahawa. Baba hamkatai wala hamkubali, anamwambia tu asubiri. Anasubiri nini, hasemi. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Bastien amerudi kimyakimya, anaingilia mlango wa nyuma, wanapanga mambo na Baba, na mimi dada mtu nimefanywa mgeni. Iliniuma, sikufichi.

Nikambana Odile jikoni.

"Shangazi, nani anakula hapa kabla ya wateja?"

"Kula supu yako, Régine, inapoa."

"Nimeuliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu, tangu ulipoota meno."

Na nyumbani sikupata nafuu. Lucien alisema mimi hata jogoo akiwika nauliza katumwa na nani.

Alhamisi iliyopita nikaenda mapema, kabla wateja hawajaanza kuingia. Nilipitia jikoni nikiwa na sufuria ya Odile mkononi, hicho ndicho kisingizio changu, nikachungulia ukumbini. Kwenye kiti chako cha pembeni alikuwa amekaa Baba, amechomeka kitambaa chako kwenye ukosi wa shati. Akamimina divai kwenye supu, akaizungusha, akainua sahani kwa mikono miwili. Hajui, maskini. Nusu ilimmwagikia kidevuni, nusu ikampalia.

Alipomaliza kukohoa akaniona kwenye kioo cha ukutani.

"Umerudisha sufuria?"

"Nimerudisha. Baba, hicho ni cha Bastien."

"Kitambaa kisipotumika huliwa na nondo."

Akajifuta kidevu polepole, akakitazama kile kitambaa.

"Nilimgombeza mtoto miaka yote ile," akasema, "na kitu chenyewe sijawahi kukionja."

"Na sasa umekionjaje?"

"Si kibaya."

Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilengalenga, ikabidi nijifanye natafuta mahali pa kuweka sufuria. Amezeeka, Bastien. Siku hizi chupa anaishika kwa mikono miwili.

Lakini unanijua, sikosi la kushuku. Nilipokuwa naondoka aliniita mlangoni akasema, "Ukimwandikia, usimwambie." Mimi sikuwa nimemwambia kwamba nakuandikia. Na Baba, tangu tumjue, hajawahi kupoteza neno lisilo na kazi. Nashuku alilisema hilo ili nikwambie. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Baba yetu hata akikuita hakwambii njoo.

Bwana wa Bordeaux anarudi baada ya Krismasi kuchukua jibu. Mimi sikushurutishi, una kazi yako na familia yako huko. Nakwambia nilichokiona tu.

Odile anakusalimu na anauliza kama huko wanajua kupika supu. Lucien naye anakusalimu sana. Nibusie Francine na Julien. Mungu awakinge na barafu na awape njia nyeupe popote mtakapoelekea.

Kitambaa chako nimekifua, nimekipiga pasi na kukirudisha mahali pake. Kila Alhamisi nitakigusa. Siku nikikikuta kibichi tena, naomba safari hiyo uwe ni wewe.

Dada yako akupendaye, na ambaye bado anakushuku,
Régine