Pikipiki ya Baba Haipiti Mlangoni

Shituru, Likasi, tarehe 9 Agosti 1970

Mshauri mpendwa,

Masista walitufundisha kwamba barua nzuri huanza kwa salamu, kwa hiyo nakusalimu wewe na wote wanaosoma ukurasa wako, na baada ya salamu nasema wazi kwamba nimekwama na nahitaji msaada kabla ya tarehe saba Septemba, kwa kuwa siku hiyo shule ya wasichana ya Lubumbashi inafunguliwa, na Sista Mkuu ameandika kwamba kitanda changu kimenisubiri mwaka mzima, lakini safari hii nisipofika msichana mwingine atapewa. Jina langu sitalitaja, ili nisimwaibishe baba yangu, Papa Germain wa karakana ya kiwanda, nyumba ya tatu baada ya bomba la maji, ambaye nampenda sana na ambaye ndiye shida yangu.

Baba ana pikipiki ya safari. Kazini anakwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, maana pikipiki hiyo ni ya safari ndefu tu, kama ile aliyoiona zamani katika picha ya gazeti, Wazungu wawili wamevaa miwani ya vumbi wakielekea baharini, naye akasema mtu wa Shituru anaweza pia, akaniahidi kwamba nitakuwa abiria wake wa kwanza: atanifikisha shuleni Lubumbashi, kilomita mia na ishirini, kisha ataendelea peke yake hadi Zambia. Alinishonea kiti chekundu cha ngozi nyuma ya chake, akaweka mahali pa kuegemea mgongo na vyuma vya kukanyagia alivyovipima kwa miguu yangu mwenyewe, nami nikaenda kuwaonyesha wenzangu wote darasani.

Kosa lilikuwa kuitangaza safari. Unajua desturi ya kwetu, mtu akisema anasafiri, jirani anamletea kitu cha kumpelekea ndugu yake, na baba hajui kukataa. Papa Damas, katekista mzee, alileta gunia la viwavi vikavu vya kula, vya kumpelekea mtoto wake. Mwingine akaleta cherehani, mwingine picha ya harusi yenye kioo, mwingine mlango, nasema mlango kweli, wa mbao, wenye kitasa. Kila mzigo ulitaka mahali pake, na rafiki ya baba, Lukumani, fundi wa kuchomelea, akawa anakuja kila Jumamosi na vyombo vyake na maneno yake yale yale, "Chuma moya tu, yaya," yaani kaka, akiongeza chuma kimoja upande huu na kimoja upande ule. Pikipiki ya kwanza ikawa ndogo, baba akaibadilisha kwa kubwa zaidi. Watu walipoona pana nafasi wakaleta mizigo mingine. Akaibadilisha tena, na sasa tuna ya tatu, ya Kijerumani, yenye kigari cha pembeni, taa nne, honi mbili na kioo cha kukinga upepo kipana kama dirisha, na kigari kilijaa siku ile ile kilipofika. Juu ya kiti changu chekundu kimefungwa kinu na mchi wa Mama Berthe wa mtaa wa Panda, anavyompelekea binamu yake anayekaa Kamalondo huko Lubumbashi, ambaye Mama Berthe anasema ni mtu wa hasira sana, kila mwezi anaandika kuuliza kinu kiko wapi.

Mama alimwuliza baba, "Germain, hii iko pikipiki ao iko magazini?" Baba akajibu kwamba hata kama ni ghala, kwa miaka miwili hajapoteza mzigo wa mtu hata mmoja, na hilo ni kweli.

Nisingekuandikia kwa hayo tu. Pikipiki hulala sebuleni kwa sababu ya mvua na wezi, na vyuma vyote, hata vya kukishika kigari, Lukumani amevichomelea humo humo sebuleni, na mwezi uliopita, baba alipotaka kuitoa nje ipewe baraka na padri, tuligundua kwamba ni pana kuliko mlango. Tuliisukuma kwa mbele, tukaisukuma kwa nyuma, padri naye akavua stola yake ya shingoni akasukuma. Ukuta hauwezi kuvunjwa kwa sababu nyumba ni ya kampuni, na hata kupiga msumari lazima mkubwa wa kambi ya wafanyakazi aandike karatasi. Padri akaibariki kupitia dirishani. Sasa baba anasema dawa ni kutafuta pikipiki ya nne, iliyo kubwa zaidi, ambayo itakaa nje, na mizigo ihamie huko, lakini mtu wa kubadilishana naye hapatikani, kwa kuwa kila anayekuja kuiangalia hii anataka kuijaribu barabarani.

Kila Jumapili baada ya misa baba anavaa kofia ya ngozi na miwani, anapima upepo wa magurudumu, anawasha injini, mama anafungua madirisha, nasi tunasafiri. Mimi nakaa kwenye stuli nyuma yake. Anataja kila mahali tunapopita, Kapolowe, kona zake, daraja, anapiga honi kwa mbuzi, na tukifika Luisha mama anatuita kwa sababu bukari, ugali wetu, imeiva. Hatujawahi kupita Luisha.

Juma lililopita nilijikaza nikamwomba niende kwa treni. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Treni iko ya batoto benye habana na baba wa pikipiki. Weye njo muzigo yangu ya kwanza." Nikamwuliza mbona basi sipandi. Akasema, "Utapanda ku mwisho, sababu kitu ya kuvunjika inapandaka ku mwisho." Alisema hivyo kwa upendo.

Nikienda kwa treni, kambi nzima itasema kwamba hata mtoto wa Germain haiamini pikipiki ya Germain. Nisipokwenda, kitanda changu kinakwenda kwa mwingine. Tena lazima niungame jambo moja. Kwa kuwa nilitaka kupunguza mizigo ili nipate nafasi, tangu Pasaka nimekuwa nikila viwavi vya Papa Damas, kiasi cha mkono mmoja kila siku baada ya kusali, na gunia sasa ni nusu. Je, huo ni wizi, au ni kusafirisha kwa njia nyingine?

Bado natumaini.

Binti wa Shituru

*

Binti wa Shituru,

Umeficha jina lako vizuri, kisha ukaandika la baba yako, kazi yake, na nyumba yenu kuanzia bomba la maji. Huko shuleni watakufundisha kutunza siri. Kwa hiyo lazima ufike.

Kwanza viwavi. Ni wizi. Lakini viwavi vilivyokaa guniani miaka miwili ni adhabu pia, na umeitumikia kwa mkono mmoja kila siku. Nenda kwa Papa Damas leo, mwambie ukweli, mwombe radhi, na usimrudishie vilivyobaki, asije akaadhibiwa naye.

Pili, baba yako. Usimdhanie mwongo, na usimwite mpumbavu mbele yangu, ingawa nilikuwa karibu kuliandika neno hilo mwenyewe. Mtu aliyepima vyuma kwa miguu ya mtoto wake alikusudia kwenda. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu wa Shituru aliyewahi kumsikia akisema hapana, isipokuwa wewe. Sasa nawe utamwonjesha hapana yako, kwa adabu. Utapanda treni ya Jumamosi, tarehe tano Septemba. Mama yako anajua saa yake, nina hakika alishaiuliza zamani. Kambi itasema, na iseme. Jumatatu kambi itakuwa kazini, na wewe utakuwa darasani.

Tatu, kinu. Hapa nilisimama nikanywa maji. Mtu wa hasira sana anayekaa Kamalondo ni mimi. Berthe ni binamu yangu. Kwa miaka miwili sijazungumza naye ila kwa barua za kudai, sikwenda kwenye ubatizo wa mjukuu wake, na nimetwanga pilipili kwa jiwe, nikiamini kwamba alikiuza kinu cha bibi yetu. Kumbe kimekaa sebuleni Shituru, kwenye kiti chekundu cha mtoto, kikisikiliza honi kila Jumapili. Nimemwandikia Berthe leo asubuhi. Barua ilikuwa ngumu kuliko hii.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuondoka, fungua kamba, toa mchi tu. Kinu kiache palepale. Mwambie baba yako hivi, mbele ya Lukumani: "Papa, Mama Mshauri atapokea nusu ya mzigo wake." Mtu asiyepoteza mizigo ya watu hawezi kulala akijua mzigo mmoja umefika nusu. Atamtazama Lukumani, Lukumani atautazama mlango, na yule aliyesema "chuma moya tu" kila Jumamosi atakata alivyounga, kimoja kimoja, hadi pikipiki ipite. Mizigo mingine irudi kwa wenyewe. Ule mlango wa mbao namwachia Mungu.

Mimi nitakuwa kituoni Lubumbashi Jumamosi hiyo, mwanamke mnene, kitambaa cha njano kichwani, uso wa hasira. Usiogope. Shuka na mchi mkononi nikujue, nikufikishe kwa masista kabla ya giza.

Na wewe Papa Germain, najua ukurasa huu watakusomea. Ukipita Luisha, usisimame hata ukinusa bukari. Nileteeni kinu changu kabla ya Noeli, na kikishuka msiweke kitu kingine mahali pake. Likizo ikifika, mtoto atarudi nyumbani amekalia kiti chake.