Mafuta Niliyompaka Nguruwe

Jumatano, Kindu

Na nilikimbilia mafuta kwa nini? Nguruwe wangu mwenye mimba alianza kujikuna juzi. Sikuangalia vizuri, nikampaka mafuta machafu ya pikipiki mwili mzima, kama tunavyofanya wote hapa mtaani.

Leo akapita Papa Ramazani, veterineri anayetibu mifugo yetu. Ni Mwislamu, hagusi nguruwe. Anasimama nje ya uzio, anauliza, mimi ndiye nagusa.

"Ndani ya masikio iko magamba?"

"Iko, Papa."

"Anakula?"

"Tangu asubuhi, hapana."

Akasogea karibu na uzio. "Mama Faida, magamba njo upele, tutapiga sindano, atapona. Lakini kama chini ya mafuta iko madoa mekundu, njo ugonjwa ingine, ile inaua. Na wewe umefunika yote. Mwoshe na sabuni, kesho nitaona."

Nimesugua mpaka mikono inawaka moto. Bado mweusi. Nimerudi bandani mara tatu, namwangalia, sioni kitu. Siwezi kukaa. Nitachota ndoo nyingine.

Wakati wa vita, tulipojificha porini upande wa Pangi, mama alitupaka mawese watoto wote kwa sababu ya upele. Mdogo wangu alikuwa na joto la homa, analia. Mama akampaka tena. Mawese ni mekundu, yalificha kila kitu.

Surua tuliiona siku tulipomwosha ili tumzike.