Jina Lako Kwenye Muziki wa Harusi

Mama yangu,

As-salaam alaikum. Natumaini goti limepoa na unafika msikitini bila kuegemea kuta za watu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha, maana hii ni wiki ya tatu hushiki simu yangu. Kaka Shabani amenieleza yote. "Zaina," akaniambia, "ulimupatisha mama haya mbele ya wamama yote wa dufu. Njo nini ile ulituma?"

Mama, nilituma furaha yangu bila maelezo.

Unajua hapa Cairo nashona magauni, na nikichoka napiga makofi yale yako, kiganja juu ya paja. Siku moja jirani yangu, mpiga kinanda, akagonga mlango. Nikajua kelele zimemchosha. Kumbe anatengeneza albamu ya muziki wa kucheza, na makofi kama hayo ameyatafuta mji mzima. Nikaingia studio, nikapiga nyimbo tisa mpaka viganja vikavimba.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamweleza miaka ya vita, tulivyojificha msituni nyuma ya Lokandu. Dufu lingesikika, kwa hiyo ukatupigia kasida kwenye paja lako, polepole, mpaka wadogo wakalala na njaa yao. Yule bwana alilia, Mama. Akaandika jina lako kwenye jalada kwa herufi za Kiarabu: Mwajuma wa Kindu.

Albamu imependwa mno. Harusi za hapa mtaani kwetu haziishi bila hiyo, hata wazee wanacheza na fimbo zao. Gazeti moja lilisema makofi ndiyo roho yake. Jingine likasema ni kelele za jikoni. Hilo nimefungia vitumbua.

Kosa ni langu: nilikutumia albamu bila kusema ni ya harusi. Sisi huko herufi za Kiarabu tunazisoma tangu utotoni, maana yake tunamwachia Mungu. Wamama wa dufu walipoona jina lako wakajua ni kasida tu, wakaiweka kwenye maulidi. Eti watu walifumba macho, wakaitikia amina kila mwimbaji aliposhusha sauti, mpaka mwalimu aliyesoma Sudani akaruka: "Zimeni! Huyu anasifia kiuno ya mwanamuke!" Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakufikiria wewe, umekaa mstari wa mbele, nikaacha.

Sasa wenye studio wanataka kuichapa albamu tena. Nimewaambia wangoje. Jina ni lako na sikukuomba ruhusa. Ukisema lifutwe, litafutwa.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Shabani, shangazi Mariamu muuza samaki, na babu Saidi aliyestaafu reli. Mwambie babu viatu vyake vinakuja.

Mfanyabiashara anayekuletea barua hii atafika Alhamisi. Ijumaa, baada ya sala, nitapiga. Shika simu, Mama, hata kama ni kunitukana. Nikikosa radhi yako, makofi ya mji mzima yatanifaa nini?

Mwanao mkaidi anayekupenda,
Zaina